Kazi ya Reli Hainunuliwi kwa Ng'ombe



Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja wa upande wa Kibondo, mtu mwema na mkulima hodari, akatuambia: "Mwalimu, kesho nampeleka ng'ombe wangu mnadani." Tulipomwuliza sababu, akaeleza ya kuwa yuko mtu huko Kasulu aliyemwahidi kijana wake kazi ya reli, ila ataka kwanza apewe fedha za "kufungua faili". Naye mzee ana ng'ombe huyo mmoja tu, na wajukuu hunywa maziwa yake.

Tukamwambia, "Mzee wetu, keti kwanza." Na yale tuliyomweleza yeye, twaona yafaa kuyaeleza na kwenu, maana nyumba nyingi zina kijana wa namna hiyo.

Reli si jambo geni kwetu, ingawa haipiti Kasulu wala Kibondo. Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Zamani za Waingereza baba zetu wengi wa Buha walipanda gari moshi hilo kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. 

Sasa yajengwa reli mpya, iendayo kwa umeme. Mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Na mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulitiwa sahihi Desemba 2022. Ndiyo maana vijana wetu wana hamu, na matapeli pia wana hamu.

Basi, njia ya kweli ni hii. Kazi za Shirika la Reli hutangazwa waziwazi, na nafasi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hupelekwa kwa intaneti, wala hayalipiwi hata senti. Mwombaji huandika barua yenye sahihi yake, huambatisha cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule na vya ufundi vilivyothibitishwa na wakili. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi mahali pa cheti chenyewe. Kisha huitwa usailini pamoja na wenzake.

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mtoto alibatizwa kwa jina moja, akaandikwa shuleni kwa jina la pili, na katika kitambulisho cha taifa jina la ukoo likapungua herufi. Jambo hilo litengenezwe mapema kwa hati ya kisheria, lisingoje siku ya tangazo. Nasi tukaao karibu na mpaka tusichelewe kuomba kitambulisho, kwani maswali huwa mengi.

Tena reli hutaka ujuzi: dereva, gadi, stesheni masta, fundi wa njia, fundi wa umeme. Kipo Chuo cha Reli Tabora kinachofundisha kazi za reli. Atakaye kibarua cha ujenzi na aende kwa mkandarasi mwenyewe, adai mkataba wa maandishi, asiridhike na maneno ya mdomo.

Na huyo wa "kufungua faili"? Akiwa mtumishi wa serikali, fedha hiyo ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 humshika mtoaji kama mpokeaji. Akiwa si mtumishi, ni mwizi tu. Ofisi ya TAKUKURU ya wilaya hupokea habari zake bure.

Mzee alinyamaza kitambo, akasema, "Kumbe nilikuwa nanunua kosa." Kijana wake hajapata kazi mpaka tuandikapo haya, wala hatukumwahidi. Lakini ng'ombe yumo zizini, na kwa fedha za magunia mawili ya mahindi kijana amekwenda kutengeneza jina lake katika vyeti.

Ninyi walimu, waulizeni wanafunzi wenu wa darasa la mwisho: majina yenu yanalingana? Swali hilo dogo laweza kuokoa zizi zima.