STAA ANAYECHEKA JASHO LA ABIRIA WA DALADALA KACHEMKA!

Mrembo mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni) katupia video akiwa ndani ya gari lenye kiyoyozi, anawacheka abiria wa daladala waliolowa jasho, eti "hawaogi". Hapo kachemka!

Joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi linapita nyuzi 30, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili likikauka. Hewa ikiwa na unyevu linachelewa kukauka, linabaki kutiririka tu. Sasa mtu aliyeoga alfajiri, kisha akasimama kwenye daladala Mbagala mpaka Posta, afanyeje? Kulowa sio uchafu, ni mwili unapambana.

Ubaya wa kejeli hizi, mtu anaogopa kuchekwa, anavaa jaketi kuficha madoa, maji hanywi ili asitoke jasho. Huyo ndiye anayedondoka kituoni.

Na aliyemshikia simu alikuwa nje, juani, shati limeganda mgongoni. Naye haogi?

Mwenye wafuasi kibao angewakumbusha watu nguo nyepesi, chupa ya maji na kivuli. Kama hana la maana, apandishe kioo, ale kiyoyozi chake kimyakimya.

Wadau, mnasemaje?