Hodi Haijabishwa Kibiti

Ipo hoja inayozungushwa katika kumbi za mikutano na hata barazani, kwamba faragha ni anasa ya watu wa mijini, na kwamba haki za kidijiti ni somo lililoletwa na wafadhili pamoja na magari yao. Mvuvi wa Salale au mkulima wa mpunga wa Mbwera, ati, hana haja ya kulindiwa taarifa zake. Haja yake ni maji safi, zahanati na chombo cha kumvusha hadi Nyamisati. Hoja hii hupendwa na watu wa aina mbili ambao aghalabu hawapendani: wakubwa wasiotaka kuulizwa, na wasomi wanaojihesabu watetezi wa wanyonge. Wote wamekosea, na Kibiti ndiko mahali pa kuwaonyeshea kosa lao.

Kwanza wainue macho watazame dari. Majumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja yamebebwa na boriti za mikoko, na nyingi katika hizo zilikatwa katika delta ya Rufiji zikavushwa kwa majahazi; nyingine zilikwenda mbali zaidi, hadi Uarabuni na Ghuba. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Na nyumba yenyewe haikupangwa ovyo. Nje ipo baraza ya kumpokea mgeni, kisha mlango, kisha ukumbi, kisha ndani ambako asiye wa nyumba hafiki. Watu waliojenga hivyo, na waliowakatia boriti, hawakungojea semina ili wafundishwe kwamba maisha ya mtu yana sehemu ya wazi na sehemu ya sitara. Kwa jambo hilo walikuwa na neno moja fupi, hodi, na adabu yake: anayebisha mara tatu asiitikiwe hugeuka akaenda zake. Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16 ya zile haki zilizoingizwa mwaka 1984, inaitaja nafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi kwa pumzi moja. Wakati huo hapakuwa na simu ya mkononi hata moja nchini.

Wala mtu wa Rufiji si mgeni wa kuulizwa maswali. Tangu mwaka 1998, watafiti wa mradi wa afya uliojulikana kwa jina la TEHIP, na baadaye wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, walizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, vikiwemo vya upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti. Waliandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kwa aliyefariki, jamaa zake waliulizwa kwa upole dalili za maradhi yake ya mwisho, ili ijulikane kilichomuua. Makumi ya maelfu ya watu waliingizwa katika kumbukumbu hizo. Halmashauri ikazitumia kupanga fedha za afya mahali penye maradhi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Watu walijibu kwa sababu muulizaji alibisha hodi, akaeleza anachokitaka, na faida ikaonekana. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba wanakijiji hawajui thamani ya taarifa zao. Walizitoa kwa hiari walipoombwa, na wanajua tofauti ya kuombwa na kunyang'anywa.

Tofauti hiyo ilikuja kuandikwa kwa damu. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu walikuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga: askari polisi, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama tawala. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja katika Wilaya ya Kibiti. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba dola ilipaswa kufumba macho wakati wajumbe wa nyumba wanavamiwa usiku mbele ya watoto wao. Wauaji walipaswa kutafutwa. Lakini hofu ya wanakijiji ilikuwa na pande mbili: wapo waliowaogopa wauaji, na wapo waliokuja kuwaogopa wanaowatafuta wauaji, na wengi waliwaogopa wote.

Aliyekuwa akiyaandika hayo kutoka hapo hapo Kibiti ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa magazeti ya Mwananchi na The Citizen. Novemba 21, 2017 alitoweka. Kwa maelezo ya mkewe, aliletwa shambani ndani ya gari jeupe akiwa na watu ambao mke huyo hakuwafahamu. Akamwomba ufunguo wa nyumba, akasema ana safari ya dharura na kwamba angerudi kesho yake. Mke aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Azory hajaonekana hadi leo. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka akafa. Baadaye akasema maneno yake yalieleweka vibaya. Ni nani waliokuwa ndani ya gari lile, hakuna mahakama iliyotamka.

Watafiti wa haki za kidijiti wautazame sana ufunguo ule. Wao huandika kuhusu nywila, na mitambo ya kunasa mazungumzo, na sera za makampuni, nayo ni mambo ya kuandikwa. Lakini mtu anayetaka kujua mwandishi amezungumza na nani hatofautishi kompyuta na sanduku la nguo. Ataanza na lililo karibu. Kibiti lililo karibu lilikuwa mlango wa nyumba, na nyuma ya mlango huo, hapana shaka, yalikuwapo majina ya watu waliomwamini mwandishi wakamweleza waliyoyaona. Watu hao ndio wenye faragha iliyovunjwa, nao hawamo katika jedwali la ripoti yoyote kwa sababu hawatajitokeza kuhesabiwa.

Anayedhani kisa hiki hakihusiani na mtandao na akumbuke yaliyofuata. Novemba 2018 Angela Quintal na Muthoki Mumo, wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, asasi isiyo ya kibiashara yenye makao yake New York, walikuja Tanzania kuangalia hali ya waandishi, na kutoweka kwa Azory lilikuwa miongoni mwa mambo ambayo kamati hiyo ilikuwa ikiyaulizia. Usiku wa tarehe 7 walichukuliwa hotelini Dar es Salaam wakahojiwa. Simu na kompyuta zao zikatwaliwa. Wakiwa wangali mikononi mwa waliowashika, ujumbe ulitokea katika akaunti ya Twitter ya Quintal ukisema wameachiwa. Hakuuandika yeye. Kuidukiza simu ya mtu ni kosa la kale lililovaa nguo mpya. Kusema kwa ulimi wake ilhali yeye amefungiwa, hilo hata mashetani wa hadithi za bibi hawakulifikiria.

Na sheria? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na Visiwani, katika kifungu cha 32 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakimu hatajwi pale. Mkuu wa kituo ndiye anayeshuku, ndiye anayeamuru, ndiye anayepokea. Jamii Media walikwenda Mahakama Kuu kuupinga utaratibu huo na hawakufaulu kukiondoa kifungu hicho. Kisha, kuanzia Mei 2019, kila mwenye laini ya simu alitakiwa kuisajili upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mvuvi wa Salale, yule asiye na haja ya faragha, akatoa kidole chake kama mkazi wa Masaki. Alama ya kidole haibadilishwi ikipotea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, yaani miaka minne baada ya vidole kuanza kukusanywa. Kwanza watu wamevuliwa, kisha ndiyo imetafutwa nguo.

Sheria hiyo ya 2022, hata hivyo, istahili sifa kwa jambo moja: imeandikwa kwa Kiswahili. Hilo haliwezi kusemwa juu ya wengi wa wale wanaojitangaza watetezi. Asasi kama CIPESA ya Kampala imekuwa ikitoa kila mwaka, tangu 2014, ripoti ya hali ya uhuru wa intaneti barani Afrika. Paradigm Initiative ya Lagos nayo ina zake. Ni kazi za watu makini, na bila ya kazi hizo mengi yangezikwa. Lakini huandikwa kwa Kiingereza, pengine na Kifaransa, na mtu wa Kibiti huingia humo kama mfano, haingii kama msomaji. Ataambiwa tafsiri ni ghali. Ghali kuliko ukumbi wa hoteli kwa siku tatu? Au ataambiwa Kiswahili hakina istilahi, na hapo mfasiri yeyote aliyekesha na kamusi atacheka. Lugha yenye faragha, siri, sitara, amana, dukizi na hodi ina msamiati wa kutosha kwa sheria kumi za namna hii. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua mfuko.

Tena ipo karatasi ya mahudhurio. Katika semina nyingi za kufundisha watu wasigawe ovyo taarifa zao, karatasi huzungushwa mezani: jina kamili, kijiji, namba ya simu, sahihi. Asiyejaza hapati posho. Baadaye picha hupigwa, na watu wa kijijini waliozungumza kwa kunong'ona hujikuta katika kijarida cha mfadhili wakitabasamu, majina chini. Kwa mwanakijiji aliyeishi Kibiti mwaka 2017, orodha ya majina si kitu cha kuchezea. Wenyeviti wengi waliuawa kwa sababu walijulikana ni nani na wanakaa wapi.

Asasi yenye nia ya kweli ina kazi inayoisubiri. Watafiti wake wapande gari la Kibiti, kisha boti ya delta, wakae siku za kutosha hadi waitwe kwa majina. Wasidai majina ya wenyeji. Waulize mambo yanayojibika: ni nani aliyewahi kuichukua simu yako, alikuonyesha karatasi gani, imetiwa sahihi na nani, ilirudi baada ya siku ngapi, na je, tangu hapo kuna mtu umeacha kumpigia? Na Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, ni nani aliyekuwa na mgonjwa safarini au mtoto Dar es Salaam, na alizipataje habari zake? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, na kabla hayajapelekwa Kampala, New York au kwa mfadhili, yasomwe kwa sauti mbele ya waliojibu, ili asemaye kwamba jibu lake lifutwe lifutwe papo hapo.