Tunalipa ili tutumikishwe: mambo ya staji ya avoka

Wandugu, kila mwaka, masomo yakikaribia kuisha, inaanza ile safari tunayoijua wote. Mwanafunzi wa sheria anachapisha barua ya kuomba staji, anatafuta muhuri wa fakilte, ananunua farde, anafanya fotokopi za diploma na karatasi za alama, kisha anaanza kuzunguka mji wa Lubumbashi kabine kwa kabine. Anatoka Katuba au Ruashi asubuhi, mara nyingi kwa miguu juu feza ya taksibisi imeisha kwenye fotokopi. Akifika mlangoni, hakuna anayemuuliza amejifunza nini wala anajua kuandika nini. Wanamuuliza: "Nani amekutuma?" Wengine hawazunguki hata kidogo: "Uko mutoto wa nani?" Kama hana jibu, farde inabaki juu ya meza ya sekretere na yeye anaambiwa arudie juma kesho. Juma kesho linakuwa mwezi kesho. Siku moja anapita pale na kuona farde yake imetiwa karatasi za mtu mwingine.

Mtasema hayo ni mambo ya watoto wa droit, sisi wengine yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kijana akikamatwa kwenye maandamano, mama wa soko akinyang'anywa bidhaa zake na kutupwa kwenye kasho, yule anayefika wa kwanza bila kuuliza "mna ngapi?" ni mara nyingi avoka kijana, na mara nyingi bado yuko kwenye staji. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema polisi haiwezi kumshika mtu kizuizini kupita saa 48. Hizo saa hazijihesabu zenyewe. Kuna mtu anazihesabu akiwa amesimama mbele ya lango la kasho, na tumbo lake liko tupu.

Tuseme kwanza jinsi mambo yanavyopangwa, juu wengi wanachanganya. Kuna staji ya mwanafunzi, ile ya majuma machache ambayo iniversite inaidai ili upate alama. Kisha kuna staji yenyewe ya avoka, baada ya diploma. Hii ya pili inatawaliwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, tangu wakati wa Mobutu. Unatafuta patroni anayekubali kukupokea, baro inakuandika kwenye orodha ya stajere, unaapa mbele ya Mahakama ya Rufaa, unavaa joho, na unafanya miaka 2 chini ya mkubwa wako kabla ya kuandikwa kwenye tablo. Kwa karatasi ni mpango mzuri. Hakuna anayetaka kutetewa na mtu ambaye hajawahi kuona hakimu.

Sasa hesabu na mimi. Mfumo wa zamani: miaka 3 ya gradua, miaka 2 ya lisansi. LMD ya sasa: lisansi miaka 3, masta miaka 2. Ni 5 pande zote mbili, na hapo hatujaweka migomo ya maprofesa ambayo imekula miaka ya wengi wetu. Ongeza 2 ya staji, zinakuwa 7. Katika hizo 7, mzazi amelipa minervali, silabi, na kazi ya mwisho wa masomo. Anafikiri sasa mtoto ataanza kuleta kitu nyumbani. Hapana, papa, bado. Kwanza kuna ada ya kuingia kwenye baro, inayohesabiwa kwa dola, na kila baro inajiwekea yake. Kuna joho la kushonesha. Kuna michango. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kupokea hata franga moja kwa kazi yake anaombwa alipe ili apate ruhusa ya kufanya kazi miaka miwili bila mshahara.

Hapo ndipo chujio lilipo. Halipimi nani anajua sheria. Linapima nani ana baba anayeweza kumlisha mpaka afikishe miaka thelathini. Yule ambaye alikuwa wa kwanza darasani lakini mama yake anauza mikate kwenye barabara, anaacha. Wengine wanaenda kuwa watetezi wa mahakama, wale wasioweza kusimama mbele ya Mahakama ya Rufaa, juu mlango wa pale ni rahisi zaidi. Wengine wanafundisha shule ya msingi. Wengine wanaendesha pikipiki, na ukipanda nyuma yake anaweza kukueleza vizuri kabisa tofauti ya wizi na ulaghai.

Wakubwa wana majibu yao, tumeyasikia. La kwanza: "Sisi pia tulipita hivyo." Ndiyo, Maître, mlipita. Na mtu aliyechapwa utotoni, ni lazima achape watoto wake? La pili: "Tunakufundisha bure, ungetakiwa wewe utulipe." Hilo tulitazame vizuri, juu ndilo wanalolitegemea.

Stajere anafika kabine saa mbili asubuhi, mara nyingi yeye ndiye anafungua. Anaenda kwenye grefe kutazama dosie, anapanga foleni, anarudi, anatumwa tena. Anaenda kuomba kesi iahirishwe wakati patroni yuko Kolwezi au Kinshasa. Usiku anaandika konklizio ya kurasa kumi na tano. Kesho patroni anaisoma kwa dakika kumi, anabadilisha koma mbili, anatia sahihi. Mteja, ambaye mara nyingine ni kampuni ya madini, anapelekewa faktire ya dola. Ni nani ameuza nini hapo? Kama ile konklizio ilikuwa zoezi la mwanafunzi, kwa nini mteja ameilipia? Na kama ilikuwa kazi, kwa nini aliyeifanya hajalipwa? Mpaka leo hatujapata patroni anayejibu swali hilo bila kukasirika.

Jibu la tatu ni la kisheria: avoka ni kazi ya uhuru, stajere si mfanyakazi, Kodi ya Kazi ya 2002 haimhusu. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa franga 7.075 kwa siku, na mwaka 2025 ikaupandisha tena. Stajere hayumo. Mlinzi anayelala mbele ya geti la kabine yumo, angalau kwa karatasi. Yule anayeandika konklizio ndani hayumo. Sawa, tukubali si mfanyakazi. Lakini kifungu cha 36 cha Katiba hakisemi habari ya "mfanyakazi wa kodi". Kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba Serikali inahakikisha malipo ya haki yanayomtosha mtu na jamaa yake kuishi kwa heshima. Watu wanaotakiwa kuwafundisha wengine Katiba wangeanza kuitumia ofisini kwao.

Na kama ni mila wanatafuta, tuwakumbushe hii mila imetoka wapi. Patroni, orodha ya stajere, tablo, joho jeusi, vyote tulivirithi kwa Wabelgiji. Kule Ubelgiji leo, mawakili wenyewe wameweka kiasi cha chini ambacho patroni lazima amlipe stajere wake. Joho limevuka bahari likafika, malipo hayajafika.

Kuna wakubwa wazuri, tuwe wa kweli. Kuna kabine ndogo za Kenya na Kamalondo ambapo patroni mwenyewe anasubiri mteja mpaka jua linazama, na bado siku ya kesi anakata feza yake ya transporti mara mbili, nusu kwa kijana wake. Huyo hatumdai mamia ya dola. Tunasema na wale wenye kiyoyozi na gari mbili uwanjani, ambao stajere wao anaazima feza ya kurudi nyumbani kwa mlinzi.

Lakini njaa ya stajere si jambo baya kuliko yote. Baya zaidi ni kile ambacho njaa inamfundisha. Mitaani tunacheka na ile "Artikle 15": jitafutie mwenyewe. Stajere anajifunza Artikle 15 kabla ya kujifunza kodi ya utaratibu. Kwenye grefe anaambiwa dosie haionekani mpaka atoe kitu kidogo, naye anatoa mfukoni mwake, juu patroni hajampa kitu. Ni lazima ile feza irudi kutoka mahali fulani. Inarudi kutoka kwa familia. Mama anakuja na mtoto wake amefungwa Kasapa, kijana anamwambia, "Mama, ili mambo yatembee, leta kidogo." Mara ya kwanza anaona haya. Mara ya tano hana haya tena. Baada ya miaka 2 anaandikwa kwenye tablo tayari ni fundi wa matabishi. Kisha sisi tunashangaa haki katika inchi hii inauzwa! Imeuzwa tangu siku ile kijana alipowekwa ndani ya mfumo bila chakula na kuambiwa ajipange. Waliomfunza wanakuja baadaye kwenye redio kulia juu ya maadili ya vijana.

Kasapa, kwa wasioujua mji wetu, ni jina la kampasi na pia jina la gereza. Ni wengi wanaokaa kule gerezani wakisubiri kesi ambayo haifiki. Familia zao hazina uwezo wa kulipa avoka. Baro inapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa watu kama hao, na kila mtu anajua ni nani wanatumwa huko: stajere. Kwa hiyo utetezi wa maskini katika inchi hii umewekwa juu ya mgongo wa mtu maskini mwingine. Ukimfukuza yule kijana kwa ada, hufukuzi yeye peke yake. Unamwacha pia mtu aliye kwenye seli. Mtoto wa tajiri atapata staji, ndiyo, tunamtakia heri. Lakini wangapi kati yao watapanda basi kwenda Kasapa siku ya Ijumaa mchana kumtafuta mtu asiye na jina?

Sasa dada zetu. Hapa tunaongea taratibu juu wengi wametuomba tusieleze mambo yao, na hatutayaeleza. Tuseme hivi tu: msichana akienda kuomba staji, mara nyingine hawamuulizi "nani amekutuma". Wanamuuliza namba ya simu. Wanampa miadi saa ambayo ofisi imefungwa. Akikataa, nafasi imejaa. Wale wanaopenda kutaja Artikle 15 ya mtaani wafungue Katiba wasome kifungu cha 15 cha kweli: kinawaamuru viongozi wa umma kupiga vita jeuri za kingono. Na sheria ya 20 Julai 2006 imeweka usumbufu wa kingono kati ya makosa ya jinai. Patroni anaijua hiyo sheria kuliko sisi. Ameshaitumia mahakamani dhidi ya wengine.

Juu ya wenzetu wa Goma na Bukavu: miji yao iko mikononi mwa M23 tangu Januari na Februari 2025, na kwao swali la kuapa wapi, mbele ya hakimu gani, ni zito kuliko haya yote. Tutaliandikia peke yake. Hatulipitishi hapa kwa mistari mitatu.

Tunachotaka ni vitu ambavyo batonie na baraza lake wanaweza kuanza bila kusubiri Kinshasa. Waandike ubaoni, na kwenye ukurasa wao, ada yote ya kuingia mpaka dola ya mwisho, na waruhusu ilipwe kwa vipande katika miaka yote 2. Kila kabine inayochukua stajere iseme wazi ina nafasi ngapi na imezitoa namna gani. "Mtoto wa rafiki" si utaratibu. Kati ya patroni na stajere kuwe na karatasi yenye sahihi, inayotaja angalau transporti, chakula cha mchana, na sehemu fulani ya faktire kama ameandika kazi iliyolipiwa. Kwa kabine ndogo baro itumie michango inayokusanya kila mwaka, juu hiyo michango stajere wanailipa pia. Stajere anayetumwa gerezani alipwe safari yake kabla hajaenda. Na malalamiko ya wasichana yapokelewe na wanawake wa baro, yasiishie kwenye meza ya yule yule analalamikiwa.

Fakilte nazo zisijifiche. Ni wao wanatia muhuri kwenye barua ya staji, wanadai ripoti, wanatoa alama, lakini hakuna anayekwenda kutazama kama mwanafunzi amejifunza kitu au amenunua inite na maji ya wageni kwa mwezi mzima. Kabine inayowageuza wanafunzi kuwa watu wa kutumwa iondolewe kwenye orodha ya fakilte. Hiyo haigharimu hata franga.

Na wewe unayezunguka na farde mwezi huu: fanya kopi ya barua uliyoacha, omba watie sahihi na tarehe kwenye kopi yako kwamba wameipokea. Ukiombwa feza, dai risiti. Wakikataa kuitoa, andika siku, kiasi, na mtu aliyeomba. Kama uko stajere tayari, andika kwenye daftari kila kesi uliyoifanyia kazi na saa ulizotumia, hata kama hakuna anayekulipa leo. Tuletee. Tunakusanya kila kitu ili tupeleke kwa batonie na kwa wakuu wa fakilte, bila jina la yeyote aliyetuandikia.