Jeshini Nako Karatasi Ina Kazi Yake

Vijana wenzangu, kila tukigusa habari za jeshi kuna hoja naisikia: eti fomu za tathmini ya hatari ni mambo ya ofisini, vita havisubiri mtu ajaze karatasi. Mimi mwanafunzi wa sheria hoja hii naikataa, ila si yote.

Ni kweli, chini ya risasi hakuna anayejaza fomu. Na fomu iliyonakiliwa ya mwaka jana, ikapigwa muhuri na kufungiwa kabatini, haimkingi askari. Inamkinga mkubwa wake tu. Lakini ghala la mabomu lililopakana na nyumba za watu Dar es Salaam halipo vitani. Hapo muda wa kukagua na kuandika upo.

Aprili 29, 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya JWTZ Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa. Februari 16, 2011, hata miaka miwili haijatimia, yakalipuka Gongo la Mboto. Tena wakafa zaidi ya 20, na maelfu wakakimbia makwao usiku. Waziri wa Ulinzi mara zote mbili alikuwa Dk. Hussein Mwinyi. Hakujiuzulu.

Hivi baada ya Mbagala, nani aliyakagua maghala mengine? Nani aliandika kwamba Gongo la Mboto pako salama, akasaini? Mwananchi hajui. Pasipo karatasi yenye jina, kosa linageuka bahati mbaya, na bahati mbaya haihojiwi na mtu.

Tazama Uingereza. Julai 2013 askari watatu wa akiba walikufa kwa joto kwenye mchujo wa kikosi cha SAS, milima ya Brecon Beacons, Wales. Wizara ya Ulinzi kule ina kinga, haishtakiwi kwa jinai chini ya sheria ya usalama kazini. Hata hivyo mwaka 2016 mamlaka ya usalama kazini iliikemea hadharani kwa kushindwa kupanga, kutathmini na kudhibiti hatari. Kanuni za joto za jeshi lenyewe zilikuwepo kwa maandishi, ndo maana kulikuwa na kipimo cha kuwapimia. Karatasi haikuwafufua wale vijana, ila ilifunga mlango wa visingizio.

Kwa hiyo jibu langu: karatasi ina thamani pale inapokuwa na jina la aliyesaini, na mtu wa nje ya kambi anaweza kuisoma. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Haisemi isipokuwa askari, wala isipokuwa jirani wa kambi.

Aina na idadi ya silaha zibaki siri, sawa. Lakini tarehe ya ukaguzi wa ghala na jina la mkaguzi si siri ya vita. Vipelekwe kwenye kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi, kila mwaka, na wabunge wahoji.

Kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita wanaingia JKT. Ni sisi na wadogo zetu hao. Anayewapeleka atuoneshe kwanza amesaini nini.