Ramani Tupu Si Ardhi Tulivu

Jamani wanakompyuta wenzangu, tuache kudanganyana. Kila ardhi inapotikisika, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajaleta programu mpya ya simu: ramani, vidoti vyekundu, na kichwa "Matetemeko ya Kenya". Wiki isiyo na kidoti inakuandikia kwamba uko salama. Nani kaiambia?

Nilizozikagua zote huvuta faili ya bure ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Sina ugomvi na USGS. Mlisho wao ni wa GeoJSON, hauhitaji ufunguo wala malipo, na husasishwa kila dakika. Ugomvi wangu ni na sisi tunaouchukua bila kusoma maelezo. Nje ya Marekani, wao hulenga hasa matetemeko ya 4.5 kwenda juu. Huku kwetu vituo vya kupima mitetemo ni vichache na viko mbalimbali, kwa hiyo madogo mengi hayaingii kabisa. Kidoti kikikosekana, huenda hakukuwa na tetemeko, au huenda hakukuwa na wa kulisikiliza.

Kuna na mengine. Kila rekodi hueleza kama imekokotolewa na mashine tu au imepitiwa na mtaalamu. Ile ya mashine inaweza kubadilishwa ukubwa na hata mahali. Kina kikiwa kilomita 10 kamili, mara nyingi maana yake ni kwamba hakikupimika vizuri, ikawekwa namba ya kawaida. Ukificha haya ili ramani ipendeze, unamdanganya mtumiaji.

"Lakini Kenya si Japani," mtaniambia. Sawa. Ila tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 lilipiga Subukia na kupasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Leo jiji la Nakuru liko jirani.

Na ile namba mnayoiandika kwa herufi kubwa haitoshi. Tarehe 17 Julai 2007, tetemeko la 5.9 karibu na Ziwa Natron, Tanzania, liliwatoa watu wa Nairobi maofisini mbio. Tarehe 10 Septemba 2016, 5.9 hiyo hiyo ilitokea karibu na Bukoba: nyumba zikaanguka na zaidi ya watu 15 wakafa. Namba ni moja, msiba si mmoja. Umbali, udongo na uimara wa kuta ndivyo huamua.

Tukija kwenye nyufa, mambo ni yale yale. Machi 2018 ufa ulipofunguka karibu na Mai Mahiu, dunia nzima ilitangaziwa kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia kadhaa walieleza jambo la kawaida zaidi: mvua kubwa ilifagia majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Anayetaka kujua mipasuko ilipo, shirika la GEM lina hifadhidata huria ya mipasuko hai ya dunia. Anzeni ramani na mistari hiyo, vidoti vije baadaye.

Sasa niwageukie wakubwa. Kituo cha Kilima Mbogo hutoa data yake wazi kwa dunia. Mwanafunzi aliyeko Potsdam anaipakua bila kuomba ruhusa. Basi kila taasisi yetu yenye rekodi za mitetemo nayo iziweke wazi, kwa muundo ambao kompyuta inausoma, si PDF iliyopigwa picha. Mnaogopa wananchi watashtuka? Wanashtuliwa tayari na ujumbe wa WhatsApp unaotabiri tetemeko la saa tisa usiku, ilhali hakuna mtu duniani anayeweza kutabiri saa ya tetemeko.

Nawe mwenye programu, usisubiri serikali. Futa "uko salama". Andika "hakuna tetemeko lililorekodiwa". Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Utakuchukua dakika moja.