Jiwe la Thika na Siri ya Mirihi

Jumamosi ya tarehe 16 Julai 2011, yapata saa nne asubuhi, watu wa Thika wakiwa wamekwisha kutawanyika, hawa mashambani, hawa sokoni, na wengine barabarani wakielekea Ruiru na Nairobi, kulisikika juu ya vichwa vyao mngurumo mkubwa usiokuwa wa radi wala wa eropleni, kisha yakaanguka mawe meusi yaliyotoka nje kabisa ya dunia hii, ambayo yalipookotwa na kupimwa uzani wake wote ulifika takriban kilo 14. Wanazuoni waliyachunguza, wakayaandika katika daftari la vimondo vya ulimwengu kwa jina la Thika, na jina hilo litadumu humo maadamu elimu hiyo inadumu. Walakini mawe yenyewe yaliingia katika biashara, na hata leo tajiri wa ng'ambo apendaye vitu adimu anaweza kununua kipande cha Thika kwa gramu, ilhali mtoto wa shule aliyezaliwa Makongeni au Kiganjo, ambaye mbingu ilimpasukia juu ya paa la nyumba yao, aghalabu hajapata kukiona kimondo hicho kwa macho yake.

Nayasema haya kwa sababu uchunguzi wa sayari ya Mirihi, na hasa ile kazi kubwa ya kutafuta kama huko kuna uhai au uliwahi kuwako, umezoeleka miongoni mwetu kuhesabiwa kuwa ni shughuli ya Wamarekani na Wachina, sisi tukiwa watazamaji tu wa picha zinazoletwa na televisheni. Na mimi nashikilia kwamba dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa kazi hiyo tangu asili yake ni kazi ya kusoma mawe, na mawe ya mbinguni hayachagui nchi tajiri ya kuangukia. Nchi inayoyaacha yapotee, au yauzwe kabla ya kusomwa, imejitoa yenyewe katika baraza ambalo ilikuwa na haki ya kuketi humo.

Kimondo cha Thika ukikishika mkononi, utaona kwanza ngozi nyeusi, nyembamba isiyofika hata milimita moja, iliyofanyika pale jiwe lilipokuwa likiyeyuka kwa joto la hewa yetu iliyobanwa mbele yake. Na kikivunjika, ndani utakuta rangi ya kijivu iliyopauka, yenye chembe za chuma zinazometameta, na humo humo alama hafifu za vitone vya mviringo ambavyo joto la zama za kale liliviunguza hata vikakaribia kufutika. Wataalamu wamekiweka katika daraja waliyoipa alama ya L6, yaani mawe yenye chuma kidogo yaliyopikwa sana ndani ya kimwamba kimojawapo cha vile vinavyozunguka jua kati ya Mirihi na Mushtarii. Umri wa mawe ya jinsi hiyo ni kiasi cha miaka bilioni 4.5, na hakuna mlima wala mwamba wa dunia yetu uliowahi kupimwa ukaonekana kuwa na umri kama huo.

Jiwe la Thika, basi, halikutoka Mirihi. Lakini siku mbili tu baada yake, usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 18 Julai 2011, kimondo kingine kilianguka katika jangwa la Moroko karibu na mahali paitwapo Tissint, na wachungaji wa jangwani walipokuja kuviokota vipande vyake miezi michache baadaye, ikabainika kwamba hicho kilikuwa ni kipande cha Mirihi hasa, kilichong'olewa huko kwa dharuba ya mwamba mkubwa ulioipiga sayari hiyo, kikatangatanga angani muda mrefu hata kikaifikia Afrika. Siku mbili! Aliyeokota jiwe jeusi katika shamba la Thika na aliyeokota jiwe jeusi katika mchanga wa Tissint hawakuwa na njia ya kujua ni yupi kati yao aliyeshika sayari nyingine mkononi. Hilo lilijulikana katika maabara, na maabara hizo hazikuwa Thika wala Tissint.

Namna ya kulitambua jiwe la Mirihi yenyewe ni habari ya kustaajabisha. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Viking vilitua juu ya sayari hiyo na kuipima hewa yake, ambayo karibu yote ni ile hewa ya kaboni tuitoayo puani, nayo ni nyepesi mno, haifiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa hewa yetu. Miaka michache baadaye jiwe moja lililookotwa katika barafu ya Antaktika lilivunjwa, na ndani ya vipande vya kioo vilivyomo zikakutwa gesi zilizofungiwa humo, na kipimo cha gesi hizo kikaafikiana na kile kipimo cha Viking. Hapo ndipo shaka ilipoondoka. Hadi leo yametambuliwa mawe yapata mia nne ya jinsi hiyo, na Afrika imepokea sehemu kubwa: Nakhla ya Misri mwaka 1911, Zagami ya Nigeria mwaka 1962, ambako mkulima aliyekuwa akifukuza kunguru katika shamba lake la mahindi alishtukia jiwe likitua hatua chache tu kutoka aliposimama, kisha Tissint, na mengi ya Sahara yasiyojulikana siku yaliyoanguka.

Hao Viking hawakwenda kupima hewa peke yake. Walikwenda kutafuta uhai. Walichota udongo, wakaunywesha maji yenye chakula, wakangoja kuona kama kuna kitu kitakachokula na kupumua. Na katika jaribio moja kukatoka gesi, kama kwamba kweli kuna kilichokula, huku chombo kingine kikiupekua udongo ule ule bila ya kuona ndani yake mabaki ya kiumbe. Wengi wakahukumu kwamba ile ilikuwa kemia tu ya udongo. Mwaka 2008 chombo kiitwacho Phoenix kikakuta huko chumvi ya pakloreti, ambayo ikitiwa moto huyateketeza hayo mabaki yanayotafutwa, na kesi iliyodhaniwa kuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Mwezi Julai 2024 gari liitwalo Perseverance, ambalo lilitua huko tarehe 18 Februari 2021 katika bonde lililokuwa ziwa zamani za kale, lilikuta ndani ya njia ya mto uliokauka mwamba wenye madoa kama ya chui, na ndani ya madoa hayo madini ya chuma pamoja na fosfati na kiberiti ambayo hapa duniani mara nyingi hufanywa na vijidudu vinavyoishi matopeni. Septemba 2025 wanazuoni walitangaza kwamba hiyo ni dalili inayoweza kuwa ya uhai wa kale, wakatia hadhari ile ile impasayo mtu wa elimu, kwamba madini hayo yamkini hufanyika pia minghairi ya kiumbe chochote.

Hukumu ya mwisho inangoja jiwe lenyewe lifike katika maabara za dunia. Nalo limekwisha tiwa katika mrija mmoja kati ya mirija 43 iliyochukuliwa na gari hilo, na mpango wa kuirudisha ulipokadiriwa gharama, hesabu ilifika hadi dola bilioni 11, hata Wamarekani wenyewe wakasita. Msomaji na atafakari kidogo: dola bilioni 11 ili kupata mawe ambayo yote pamoja hayafiki uzani wa kimondo kilichoanguka Thika bila ya kuagizwa na mtu! Sisemi kwamba jiwe lililojiangukia lina hadhi sawa na lililochaguliwa palipokuwa na ziwa, maana lile la kuanguka limepigwa, limechomwa, wala hatujui lilitoka katika bonde gani. Nasema kwamba hayo ndiyo mawe ya Mirihi ambayo mikono ya wanadamu imepata kuyashika hata sasa, na kwamba thamani yake wengine wameijua zamani. Tarehe 16 Julai 2025, miaka 14 kamili kwa siku na mwezi tangu kuanguka kwa jiwe la Thika, jiwe la Mirihi la kilo 24 na zaidi, kubwa kuliko yote yanayojulikana, lililookotwa katika jangwa la Niger mwaka 2023, liliuzwa kwa mnada huko New York kwa dola zaidi ya milioni 5. Serikali ya Niger ikatangaza uchunguzi baada ya mnada kwisha. Uchunguzi unaokuja baada ya mnada ni kilio cha mtu aliyefiwa, na mimi nisingependa Kenya ingoje mpaka ifikie kulia.

Kuna watakaoniambia kwamba watu wa Ruiru wanahangaika na maji ya mfereji na nauli ya matatu, na kwamba ni anasa kwao kushughulishwa na vijidudu vya sayari nyingine. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwa sababu dhiki wanayoitaja ni ya kweli. Lakini nawaomba wautazame mji wao wenyewe. Hapo Ruiru ipo nyumba ya utafiti wa kahawa, na ugonjwa wa matunda ya kahawa ulipoyashambulia mashamba yetu mwishoni mwa miaka ya sitini hata wakulima wakakata tamaa, watafiti wa hapo walianza mwaka 1971 kuchanganya mbegu, wakakaa miaka 14 wakichagua na kutupa, hadi mwaka 1985 walipoitoa mbegu iitwayo Ruiru 11. Kazi ile ilifanyika hapa hapa, wala haikungoja umaskini umalizike kwanza. Elimu ya subira, ya kutazama kitu kidogo kwa miaka mingi, imekwisha kuishi katika barabara hii ya Thika muda mrefu, na ndiyo elimu hiyo hiyo itakiwayo na jiwe.

Tena ardhi yetu ina undugu na sayari ile kuliko wengi wanavyodhani. Udongo mwekundu unaoshika viatu vya mpita njia kutoka Ruiru hadi Gatundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu, na kwa sababu hiyo hiyo Mirihi huonekana nyekundu usiku, ingawa wekundu wetu ulifanywa na mvua nyingi katika majabali ya volkano. Fauka ya hayo, tuna maziwa ya magadi, Magadi yenyewe, Bogoria na Elementaita, ambamo maji huwa makali hata yakachubua ngozi, na bado mna vijidudu vinavyostawi. Na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, wamevichunguza vijidudu hivyo. Mtu anayejua jinsi uhai unavyojificha katika matope ya Elementaita hana haja ya kuomba ruhusa ili azungumze juu ya matope ya Mirihi.

Wala serikali yetu si ngeni katika mambo ya anga. Karibu na Malindi, juu ya maji ya bahari yetu, ndipo iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Aprili 2023 setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipelekwa angani. Na pete kubwa ya chuma, ya uzani wa kilo kama 500, ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku huko Makueni tarehe 30 Desemba 2024, Shirika la Anga la Kenya lilifika upesi, likaizingira, likaichukua. Ikiwa chuma kilichofanywa na binadamu kilistahili haraka ile, jiwe lenye umri wa miaka bilioni 4.5 linastahili nini?

Ninalolitaka ni dogo, na linawezekana. Pale Juja pawekwe chumba kimoja cha vimondo, chenye kabati kavu, mizani na darubini nzuri, na mtu mmoja aliyefundishwa kazi hiyo. Sheria itamke waziwazi kwamba kila kimondo kinachoanguka Kenya lazima kipimwe hapa kwanza, na sehemu yake ibaki hapa daima. Na vipande vya Thika vilivyoko ng'ambo vitafutwe, hata kama ni kwa kununuliwa, ili angalau kimoja kirudi. Shule zifundishe jambo ambalo halina gharama: kwamba jiwe kama hilo halioshwi kwa maji wala halivunjwi kwa nyundo, kwamba lisijaribiwe kwa sumaku, kwa kuwa sumaku hufuta kumbukumbu ya zamani iliyoandikwa ndani ya chuma chake, kwamba lishikwe kwa karatasi safi ya aluminiamu na si kwa mkono mtupu, maana vijidudu vya mkono huingia ndani na kesho mtaalamu asiweze kupambanua uhai wa jiwe na uhai wa mkono, na kwamba mahali lilipoangukia pawekewe alama, na saa iandikwe. Mvua moja tu ya masika hutosha kuliharibu, na ndiyo maana Tissint, iliyookotwa katika jangwa kavu baada ya miezi michache, iligombewa na makumbusho makubwa ya dunia.

Na mwenye shamba alipwe, tena alipwe vizuri na siku ile ile, kwa bei isiyoaibishwa na ile ya mchuuzi anayekuja na noti mfukoni. Yeye ndiye aliyelisikia likianguka, ndiye aliyeliona shimo katikati ya mahindi yake, na hapana sheria wala maabara itakayolipata jiwe hilo ikiwa mkulima wa Thika amekwisha kuona kwamba mgeni humpa fedha na serikali humpa maswali.