Alama kwenye kope haingoji mtoto akue

Mtoto mchanga wa mtaa wa Fedha, Nairobi, akiwa na uvimbe mwekundu kwenye kope, mamake huambiwa asijali, utaisha. Aliyemwambia hivyo hajasema uongo. Uvimbe huo wa mishipa midogo ya damu, hemanjioma, kwa kawaida hunywea wenyewe. Ila hunywea kwa miaka, baada ya kukua mbio katika miezi mitano hivi ya kwanza, na miezi hiyohiyo ndiyo ubongo unajifunza kuona. Kope ikifunika mboni, au uvimbe ukiliminya jicho hadi kioo chake kipinde, picha hufika ubongoni ikiwa na ukungu, na ubongo huliacha jicho hilo ukategemea la pili. Ngozi inaweza kuja kutakata kabisa, na nyuma yake kukabaki jicho vivu. Sura imepona, kuona hakujapona.

Wapo wanaoogopa tiba yenyewe, na hofu yao ina msingi. Tiba hiyo, propranololi, ni dawa ya moyo, iliyobuniwa na James Black miaka ya 1960. Mwaka 2008 ndipo Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux waliporipoti kwamba inafanya hemanjioma za watoto zinywee, na Marekani ikaidhinisha ya maji kwa kazi hiyo mwaka 2014. Inaweza kushusha sukari, kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua, ndiyo maana mtoto hupewa dawa hiyo akiwa amenyonya, na akikataa kunyonya husitishwa. Hiyo ni sababu ya kumtaka daktari apime kipimo na kufuatilia (tembe za kukisiwa dukani ni hatari tupu), wala si sababu ya kungoja.

Itasemwa pia kwamba wauguzi wamelemewa. Ni kweli, lakini mtoto tayari yuko mikononi mwao kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wakati uleule uvimbe unapokua. Kuangalia kama mboni zote mbili zinaonekana ni kazi ya sekunde chache. Ikifunikwa moja, barua ya rufaa iandikwe siku hiyo kwenda hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu. Doa bapa la zambarau nalo lipelekwe, maana hilo halinywei kamwe, na likikaa kwenye kope presha ya jicho inaweza kupanda. Kazi ngumu huja baadaye, nyumbani: kuliziba jicho linaloona vizuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, huku mtoto akilia na majirani wakiuliza kwa nini anateswa.